Bruce McLaren, fundi na dereva ambaye timu yake ilishinda mbio zote 11 za mwaka wa 1969

Tarehe mosi mwezi wa sita mwaka wa 1969, kwenye uwanja wa Mosport nchini Kanada, magari mawili ya rangi ya machungwa yalimaliza ya kwanza na ya pili. La kwanza liliendeshwa na Bruce McLaren, raia wa New Zealand mwenye umri wa miaka 31, ambaye pia ndiye mwenye kampuni iliyoyatengeneza yote mawili. Mwaka mmoja na siku moja baadaye, mtu huyo aliaga dunia akijaribu gari lililokusudiwa kuchukua nafasi ya hayo.

McLaren alizaliwa mwaka wa 1937 mjini Auckland, ambako wazazi wake walikuwa na garaji na kituo cha mafuta. Akiwa na miaka 9 alipatwa na ugonjwa wa mfupa wa nyonga. Alilazwa muda mrefu, amefungwa kitandani ili mfupa upate kupona, na wazazi hawakuwa na hakika kama mtoto atatembea tena. Alitembea, lakini mguu wa kushoto ulibaki mfupi kuliko wa kulia, na alichechemea hadi mwisho wa maisha yake. Baba alikuwa amenunua gari dogo la zamani aina ya Austin. Katika gari hilo kijana alijifunza mambo mawili kwa pamoja, kuendesha na kufungua injini, na akiwa na miaka 15 alikwisha kuingia mashindanoni.

Mwaka wa 1958 alipelekwa Ulaya kwa msaada wa chama cha mbio cha nchi yake. Mwaka uliofuata, huko Sebring nchini Marekani, alishinda mbio za Formula 1 akiwa na miaka 22 tu, na hakuna aliyeshinda akiwa na umri mdogo kuliko huo hadi mwaka wa 2003. Wengi wangetosheka na hapo. Yeye alitaka kutengeneza magari yake mwenyewe, na mwaka wa 1963 alianzisha timu nchini Uingereza pamoja na watu wachache.

Mwaka wa 1966 yalizaliwa mashindano ya Can-Am, yaliyofanyika Kanada na Marekani. Sheria zake zilikuwa chache mno. Gari lilitakiwa kuwa na viti viwili na magurudumu yaliyofunikwa, lakini ukubwa wa injini haukuwa na mpaka. McLaren alitumia injini za Chevrolet ambazo kufikia mwaka wa 1969 zilikuwa na lita 7, zaidi ya mara mbili ya zile za Formula 1 za wakati huo. Zawadi za fedha zilikuwa nono, na timu yake ilizihitaji ili iendelee na mbio za Ulaya. Alitwaa taji mwaka wa 1967. Mwaka wa 1968 likaenda kwa mwenzake wa timu, Denny Hulme, naye pia wa New Zealand.

Halafu ukaja msimu wa 1969. Mbio zilikuwa 11, kuanzia Mosport hadi Texas mwezi wa kumi na moja, na zote 11 zilishindwa na magari ya McLaren: Bruce 6, Hulme 5. Taji likawa la Bruce. Watazamaji walizoea kuwaona wawili hao mbele kana kwamba wamekodi uwanja. Huko Michigan, Dan Gurney wa Marekani aliazimwa gari lao la akiba, akaanzia nyuma kabisa na bado akamaliza wa tatu nyuma yao. Lakini kasi hiyo ilikuwa na bei yake. Huko Riverside, California, gari la Bruce liliharibika nyuma likatoka barabarani kwa kasi. Yeye alipona, Hulme akashinda.

Magari ya mwaka huo yalikuwa na bawa kubwa lililosimama juu kwenye nguzo mbili, lenye kazi ya kuyakandamiza chini yasiteleze kwenye kona. Katika mbio nyingine mabawa ya namna hiyo yalikuwa yamevunjika na kusababisha ajali, na kwa mwaka wa 1970 yakapigwa marufuku. Ilibidi timu ichore gari jipya, lenye bawa la chini lililoshikwa na mkia wenyewe wa gari.

Ifahamike kwamba McLaren hakuwa tajiri wa kukaa ofisini. Magari mapya aliyajaribu mwenyewe, kwa kuwa hakuna aliyeweza kueleza kasoro yake kwa mafundi vizuri kama yeye. Tarehe 2 mwezi wa sita mwaka wa 1970 alikuwa Goodwood, kusini mwa Uingereza, na gari hilo jipya. Katika sehemu iliyonyooka, akiwa katika mwendo mkali, mkia ulichomoka. Gari likakosa mkandamizo, likazunguka na kugonga kibanda cha walinzi wa uwanja. Alifariki papo hapo, akiwa na miaka 32, akaacha mke na binti mdogo.

Mbio za kwanza za msimu zilibaki siku 12. Hulme alikuwa ameungua mikono kwa moto wa gari huko Indianapolis mwezi wa tano, na timu haikuwa na dereva mwingine. Wakamwita Gurney. Tarehe 14 walikuwa Mosport, uwanja ule ule, na magari ya aina ile ile iliyomuua mwenye timu. Gurney akashinda. Hulme, mikono yake bado imefungwa bendeji, akamaliza wa tatu. Kati ya mbio 10 za mwaka huo timu ilishinda 9, na taji likaenda kwa Hulme.