Joseph Merinyo: Aliyeuza kahawa ya wenzake kabla ushirika haujapata sheria

VIJANA wengi wa Moshi wakisikia maneno “ujasiriamali wa kijamii” hudhani ni somo jipya lililoletwa na wafadhili na semina za hotelini. Kazi yenyewe ilifanyika kwenye mteremko wa Kilimanjaro karibu miaka 100 iliyopita, na aliyeibeba ni Joseph Merinyo wa Old Moshi.

Kwa lugha nyepesi, mjasiriamali wa kijamii ni mtu anayeanzisha biashara ili kuondoa tatizo la watu wengi, na biashara hiyo ikajilipia yenyewe. Siyo sadaka, na wala siyo duka la mtu mmoja. Faida ikipatikana inarudi kwenye tatizo lile lile mpaka liishe au lipungue.

Merinyo alisoma katika shule ya misheni ya Kilutheri enzi za Wajerumani. Kusoma, kuandika na kujua lugha za wageni ulikuwa mtaji ambao wakulima wachache sana walikuwa nao. Waingereza walipochukua nchi alifanya kazi chini ya Charles Dundas, mtawala wa Moshi mwanzoni mwa miaka ya 1920, ambaye aliwahimiza Wachagga kupanda kahawa vihambani, katikati ya migomba.

Zao lenyewe halikuwa geni. Mapadri wa misheni ya Kilema walikuwa na miti ya kahawa tangu miaka ya 1890. Lakini kwa muda mrefu wenyeji waliokuwa nayo walikuwa Wamangi na watu wachache wa karibu na misheni. Wakati wa Dundas ndipo mkulima wa kawaida alipoanza kuchukua miche kwa wingi, na hapo hapo matatizo yakaanza.

Walowezi wa Kizungu hawakufurahi. Walidai kwamba kahawa ya vihambani itazaa wadudu na magonjwa na kuyapeleka kwenye mashamba yao makubwa, na kwamba wizi utaongezeka. Jambo ambalo hawakulisema kwa sauti kubwa ni kwamba Mchagga mwenye kahawa yake hana sababu ya kwenda kuchuma kahawa ya mwingine kwa ujira mdogo. Tusidhani ilikuwa vita ya maneno tu. Nchini Kenya walowezi walifanikiwa kwa miaka mingi kumzuia Mwafrika kulima kahawa, na mlango ulianza kufunguliwa kidogo kidogo katika miaka ya 1930. Kilimanjaro ingeweza kabisa kwenda njia hiyo.

Mwaka 1925 wakulima wakaunda chama chao, kilichojulikana kwa herufi za Kiingereza kama KNPA, yaani Chama cha Wakulima Wenyeji wa Kilimanjaro. Merinyo akawa rais wake.

Hapa naomba msomaji atulie kidogo, maana ndipo ubunifu wa mtu huyu ulipo. Chama hakikuanza kwa maandamano. Kilianza kwa dawa na bomba la kunyunyizia. Kama hoja ya mlowezi ilikuwa wadudu, jibu lilikuwa kuwamaliza wadudu hao kihamba kwa kihamba. Mkulima mmoja mwenye miti michache hawezi kununua bomba, na hata akilinunua, wadudu wa jirani watarudi kwake wiki ijayo. Kazi hiyo haina maana isipofanywa na wote, na ndiyo maana ilihitaji chama.

Jambo la pili lilikuwa soko. Mkulima aliyepeleka debe moja la kahawa dukani mjini alipokea bei aliyotajiwa. Hakujua bei ya London, hakuwa na mizani yake, na mara nyingi alikuwa tayari anadaiwa kitambaa na chumvi. Mnunuzi naye alikuwa na hesabu zake: vifurushi vidogo vidogo vyenye ukavu tofauti vina gharama na hatari, hivyo alipunguza bei kwa wote, mwenye kahawa safi na mwenye kahawa chafu. KNPA ilikusanya kahawa ya wanachama na kuiuza kwa pamoja. Reli ya kutoka Tanga ilikuwa imeshafika Moshi tangu mwaka 1911, kwa hiyo njia ya kwenda bandarini ilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kujaza behewa kwa niaba ya wenye debe moja moja.

Hata leo wafanyabiashara wadogo wa Majengo wanalijua tatizo hili bila kufundishwa na mtu. Anayenunua gunia moja la vitunguu na anayenunua lori zima hawapewi bei moja.

Kulikuwa na jambo la tatu ambalo sidhani Merinyo alilipanga. Mlima ulikuwa umegawanyika katika himaya nyingi, kila moja na Mangi wake. Chama kikawa na wanachama waliovuka mipaka hiyo, na viongozi wake hawakuteuliwa na Mangi yeyote. Wamangi wakaona nguvu mpya inaota pembeni yao. Serikali ya Gavana Donald Cameron, iliyokuwa inajenga utawala wa kupitia machifu, nayo haikupenda chama kinachosema kwa niaba ya watu bila kupita kwa chifu. Merinyo akajikuta na maadui wa pande tatu: walowezi, Wamangi na ofisi ya serikali.

Pengine angewamudu wote kama vitabu vya hesabu vingekuwa safi. Havikuwa hivyo. Chama kilikua haraka kuliko watu waliojua kukiendesha. Mnunuzi wa dukani aliyumba na pesa yake mwenyewe, lakini chama kilishika pesa ya maelfu ya watu, malipo ya awali, deni la dawa, na makato ambayo mkulima hakuelewa yamekwenda wapi. Wakati huo hapakuwa na sheria ya ushirika Tanganyika, hapakuwa na Mrajis, wala mkaguzi wa kuja kila mwaka. Bei ya kahawa duniani ilipoporomoka baada ya mwaka 1929, mianya yote ikaonekana kwa mara moja. Merinyo alituhumiwa juu ya fedha za chama na akaondolewa katika uongozi.

Wapo wanaoamini alionewa, na kwa kuangalia orodha ya maadui zake si vigumu kuona kwa nini. Kwa maoni yangu, mambo yote mawili yanaweza kuwa kweli: adui anatafuta kosa, na daftari bovu linampa.

Mwaka 1932 serikali ilitunga sheria ya vyama vya ushirika, na mwaka 1933 chama kikazaliwa upya kwa jina la KNCU, ambalo kila mtu Moshi analijua. Meneja wake alikuwa Mwingereza, A.L.B. Bennett. Hesabu zikanyooka, ila mkulima akalazimishwa kuuza kupitia chama hicho tu. Bei ilipokuwa mbaya mwaka 1937 zilizuka ghasia, na maghala ya kahawa yakashambuliwa. Uhasibu mzuri peke yake haukumfanya mkulima akione chama kuwa ni chake.

Merinyo alirudi tena jukwaani mwishoni mwa miaka ya 1940. Akiwa na Petro Njau alikuwa miongoni mwa vinara wa Kilimanjaro Union, umoja uliotaka mlima wote uwe na kiongozi mmoja aliyechaguliwa na watu. Vuguvugu hilo ndilo lililomfikisha Thomas Marealle kwenye kiti cha Mangi Mkuu mwaka 1951.

Pengo lililomwangusha lilipata jibu la kudumu mwaka 1963, Chuo cha Ushirika kilipoanzishwa Moshi. Mwaka 2004 kikawa chuo kikuu kishiriki chini ya Sokoine, na tangu 2014 ni Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, chenye kampasi nyingine Kizumbi, Shinyanga. Huko yanafundishwa yale ambayo Merinyo alijaribu bila mwalimu: uongozi wa ushirika, uhasibu, fedha za vikundi na masoko ya mazao. Si lazima kuanza na shahada. Ziko ngazi za astashahada na stashahada kwa waliomaliza sekondari.

Na ajira? Mzazi mwenye kibanda Majengo ana haki ya kuuliza hivyo kabla ya kutoa ada. Vyama vya msingi vya mazao vinahitaji mameneja na makarani. SACCOS zinahitaji maofisa mikopo wanaoweza kutofautisha mkopaji mwenye shida na mkopaji mwenye mpango. COASCO, shirika la ukaguzi lililoanzishwa mwaka 1982, linahitaji wakaguzi. Kampuni zinazonunua kahawa mnadani zinahitaji watu wa ubora, wanaojua kwa nini kahawa iliyochachuka vibaya hupoteza bei hata kama imekauka vizuri. Mtwara na Lindi, ambako korosho huuzwa kwa stakabadhi ghalani, kazi za kupima, kuandika stakabadhi na kufunga hesabu za msimu zipo kila mwaka, na wapo wahitimu wa Moshi wanaozifanya.