Mwalimu Mgeni na Jioni Zake: Maisha ya Lafcadio Hearn Huko Japani

Tunapozungumza juu ya mbinu za kufundisha, aghalabu tunashughulika na saa za darasani: andalio la somo, zana, maswali na mazoezi. Ni mara chache tunaziangalia saa zinazoanza kengele ya mwisho ikishalia. Hata hivyo, mwalimu aliyepelekwa mahali pa ugenini, ambako lugha, chakula na desturi si zake, hupata katika saa hizo sehemu kubwa ya maandalio yake. Ama huzipoteza bure, na hasara ikaonekana darasani. Ili kulieleza jambo hili tumechagua maisha ya Lafcadio Hearn, mwandishi mashuhuri aliyefika Japani mwaka 1890, akafundisha Kiingereza katika miji mitatu, akafia huko mwaka 1904.

Hearn alizaliwa tarehe 27 Juni, 1850, katika kisiwa cha Lefkada cha Ugiriki, ambacho wakati huo kilikuwa chini ya ulinzi wa Uingereza. Mama yake alikuwa Mgiriki, na baba yake alikuwa mtu wa Ayalandi, daktari katika jeshi la Uingereza. Akiwa na umri wa miaka miwili alipelekwa Dublin. Baadaye wazazi wake walitengana, mama akarudi kwao, na mtoto akalelewa na shangazi ya baba yake. Alipokuwa na umri wa miaka 16, akisoma Uingereza, aliumia katika mchezo shuleni na jicho lake la kushoto likapofuka. La kulia nalo lilikuwa dhaifu, hata baadaye aliandika juu ya meza ya miguu mirefu ili karatasi ikaribie uso. Mlezi wake alipofilisika, kijana huyo akapelekwa Marekani mwaka 1869, akiwa na umri wa miaka 19, bila fedha za kumtosha.

Katika mji wa Cincinnati akawa mwandishi wa gazeti. Alizunguka usiku katika mitaa ya maskini na kando ya mto, ambako wapagazi Weusi wa meli waliimba na kucheza baada ya kazi, akaandika habari zao kwa makini. Hapo alijifunza kuwatazama watu katika saa zao za mapumziko. Mwaka 1874 alimwoa Alethea Foley, mwanamke Mweusi aliyezaliwa katika utumwa. Sheria ya jimbo la Ohio ilikataza ndoa ya namna hiyo, na Hearn akafukuzwa kazi kwa ajili yake. Ndoa yenyewe haikudumu. Akahamia New Orleans, kisha akaishi katika kisiwa cha Martinique. Basi alipofika Japani alikuwa amekwisha kuujua ugeni kwa muda mrefu.

Alishuka bandarini Yokohama mwezi Aprili, 1890, ametumwa kuandika makala kwa ajili ya wachapaji wa Marekani. Punde akakosana nao, akabaki bila kazi. Wakati huo Japani ilikuwa katika mageuzi makubwa yaliyoanza mwaka 1868. Mpango wa elimu kwa nchi nzima ulikuwa umetangazwa mwaka 1872, na serikali iliajiri wataalamu wa kigeni huku ikiwaandaa watu wake kushika nafasi hizo. Kwa msaada wa Basil Hall Chamberlain, Mwingereza aliyekuwa profesa Tokyo, Hearn alipata kazi ya kufundisha Kiingereza katika mji mdogo wa Matsue, kwa mshahara wa yen 100 kwa mwezi. Alifundisha katika shule ya sekondari ya wavulana na katika chuo cha ualimu. Yeye mwenyewe hakuwa na mafunzo ya ualimu, wala hakukijua Kijapani.

Njiani kwenda Matsue, mwezi Agosti, alilala katika kijiji kimoja wakati wa siku za kuwakumbuka wafu. Usiku akaenda kutazama ngoma katika uwanja wa hekalu. Wanawake walizunguka polepole katika mbalamwezi, wakipunga mikono na kupiga makofi mepesi. Alisimama akatazama, kisha akaliandika jambo hilo kwa heshima. Hivyo alianza kuijua nchi aliyokwenda kuifundisha.

Maisha yake ya kila siku huko Matsue yalikuwa ya kawaida. Asubuhi aliamshwa na vishindo vya mchi wa kutwangia mchele, na mlio wa mitalawanda ya watu wakivuka daraja la mbao. Mchana alifundisha. Jioni alivua nguo za Kizungu akavaa kimono, akaketi juu ya mkeka, akala chakula cha wenyeji. Rafiki yake mkubwa alikuwa Nishida Sentaro, mwalimu mwenzake aliyejua Kiingereza, ambaye alimfafanulia mambo mengi ya shule na ya mji. Wahenga wetu husema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hearn hakungoja kupewa jembe, alilitafuta mwenyewe.

Wanafunzi walizoea kumtembelea nyumbani jioni. Walileta vitu vya kale vya familia zao ili avione, wakamweleza habari zake kwa Kiingereza chao kidogo. Tuangalie maana ya jambo hili kwa mwalimu wa lugha. Darasani mwalimu ndiye ajuaye, na mwanafunzi ndiye aulizwaye. Katika ziara hizo mwanafunzi alikuwa na kitu ambacho mwalimu wake hakukijua, na alikuwa na hamu ya kukieleza. Lugha ya kigeni ikawa na kazi ya kweli ya kufanya. Katika insha pia Hearn aliwataka waandike juu ya mambo wanayoyajua, akajifunza kutoka katika maandishi yao namna walivyofikiri.

Miongoni mwa wanafunzi hao alikuwapo mwana wa seremala. Wazazi wake hawakuwa na uwezo wa kumsomesha, lakini bidii yake ilimfanya tajiri mmoja amlipie masomo. Kijana huyo aliugua, akawa hana matumaini ya kupona. Usiku mmoja wa baridi aliomba aione shule yake. Mtumishi wa nyumba akambeba mgongoni mpaka shuleni, kijana akatazama darasa lake kwa mara ya mwisho. Baada ya muda mfupi akafariki. Hearn aliiandika habari hiyo katika kitabu kilichotolewa mwaka 1894. Sisi tunaisoma kama walimu, na tunatambua kwamba darasa ambalo mwalimu huliona kila siku mpaka akalichoka, laweza kuwa kwa mtoto mmoja kitu cha thamani kuliko vyote alivyo navyo.

Katika mwaka 1891 Hearn aliishi kama mume na mke na Koizumi Setsu, binti wa ukoo wa samurai uliokuwa umepoteza mali katika mageuzi. Setsu hakujua Kiingereza, na Kijapani cha Hearn kilikuwa kibovu. Basi wakajitungia lugha yao ya nyumbani, Kijapani kisichofuata kanuni. Usiku taa ilipunguzwa mwanga, na mke akamsimulia hadithi za kale. Hearn hakutaka asomewe kitabuni. Alimtaka mkewe aifahamu hadithi kwanza, kisha aieleze kwa maneno yake mwenyewe. Katika usiku wa namna hiyo, mwaka hata mwaka, zilikusanywa nyingi za hadithi zilizomo katika kitabu chake mashuhuri, Kwaidan, cha mwaka 1904.

Haifai tumsifu bila kupima. Mwishoni mwa mwaka 1891, kwa sababu ya baridi ya Matsue na kwa mshahara wa yen 200, alihamia shule ya serikali huko Kumamoto. Mwalimu mkuu alikuwa Kano Jigoro, mwanzilishi wa mchezo wa judo. Wanafunzi walikuwa watu wazima zaidi, wenye haya na ukimya, na ni wachache waliomtembelea. Mji wenyewe, uliokuwa umeungua katika vita vya mwaka 1877, haukumpendeza. Hearn aliipenda mno Japani ya kale, hata mara nyingi akawaonea kinyongo vijana waliotaka mashine, sayansi na vyeo. Huu ni upungufu. Mwalimu anayewapenda wanafunzi kwa jinsi walivyokuwa babu zao, bado hajawaona wao wenyewe.

Mwaka 1894 aliacha kazi hiyo akaenda Kobe kuandikia gazeti. Mwaka 1896 alichukua uraia wa Japani, ili mkewe na mwanawe wasipoteze haki zao, akaitwa Koizumi Yakumo. Mwaka huohuo akaanza kufundisha fasihi ya Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Tokyo. Alizungumza polepole, kwa maneno mepesi, ili kila mwanafunzi aweze kuandika yote. Baada ya kifo chake, madaftari ya wanafunzi yalikusanywa yakachapishwa kuwa vitabu. Kwa vijana wa chuo kikuu wasio na vitabu vya kutosha, mbinu hiyo ilifaa. Kwa watoto wa shule ya msingi haifai. Mtoto anayeandika imla kutwa hujifunza kuandika imla tu.

Mwaka 1903 chuo kikuu hakikuendelea naye. Wanafunzi walilalamika, na yeye aliumia sana. Miongoni mwa walioshika nafasi yake alikuwa Natsume Soseki, Mjapani aliyekuwa amerudi kutoka masomoni Uingereza, ambaye baadaye alikuwa mwandishi mkubwa wa riwaya. Hapa pana mambo mawili, na yote mawili ni ya kweli. Nchi ina haki ya kuwaweka walimu wake katika shule zake. Na mwalimu aliyetumika kwa uaminifu ana haki ya kuagwa kwa heshima. Mwaka 1904 Hearn alipata kazi katika Chuo Kikuu cha Waseda, lakini tarehe 26 Septemba mwaka huo alifariki kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na umri wa miaka 54. Aliacha mjane na watoto wanne, akazikwa Tokyo.

Wengi wenu, wanachuo, mtapangiwa shule zilizo mbali na kwenu, ambako watoto huja darasa la kwanza na lugha ya nyumbani msiyoijua. Jioni zitakuwa ndefu, na kishawishi cha kukaa na walimu wenzenu tu, mkilaumu mahali mlipopangiwa, kitakuwa kikubwa. Tunashauri kwamba katika juma la kwanza mwalimu aombe kusimuliwa hadithi moja na mzee wa kijiji, ajifunze majina ya vyakula, mimea na vyombo kwa lugha ya hapo, na avitumie vitu hivyo katika masomo ya juma la pili. Kazi hiyo haihitaji fedha wala zana za kununua. Inahitaji kwamba mwalimu, baada ya kufunga daftari la mahudhurio, akubali kwa saa chache kuwa mwanafunzi.