Daktari John Kirk na Mto Wetu Ruvuma

Mhariri ameniomba niandike habari za mtu mashuhuri wa zamani ambaye maisha yake yanaweza kuwafaa vijana. Najua wengi mlitazamia nimchague Nduna Songea Mbano, ambaye mji wetu unaitwa kwa jina lake. Huyo kila mmoja wetu anamjua. Mimi nimemchagua mgeni, Daktari John Kirk, na sababu yake ni kamera iliyozama.

Nilipokuwa Kidato cha Tatu mjomba aliniazima kamera yake wakati wa likizo. Nilikwenda nayo Ruvuma, upande wa Mkenda, kwa kuwa nilitaka kuupiga picha mto nikiwa katikati ya maji. Mvuvi mmoja alikubali kunichukua katika mtumbwi wake. Siku ya pili tuligonga mwamba penye maji ya kasi. Sisi wawili tulitoka salama, lakini kamera na filamu zote zilikwenda na maji. Nilirudi bwenini kwa aibu, wala sikuandika hata mstari mmoja juu ya safari ile. Nilidhani kwamba picha zikishapotea, safari nayo imepotea.

Miaka mingi baadaye ndipo niliposoma maisha ya Kirk. Alizaliwa Scotland mwaka 1832, akahitimu udaktari Edinburgh mwaka 1854, na wakati wa vita vya Crimea akatumika katika hospitali ya majeruhi huko Uturuki. Alipenda mambo mawili kupita udaktari wenyewe, nayo ni mimea na picha. Mwaka 1858 alichaguliwa kufuatana na David Livingstone katika safari ya kuuchunguza mto Zambezi, akiwa daktari na mtaalamu wa mimea.

Kazi ya kupiga picha hakupewa yeye. Alipewa Charles, mdogo wake Livingstone, na haikumwendea vizuri. Kirk alipiga zake kwa hiari, na ndizo zilizosifiwa zaidi. Tukumbuke kwamba siku zile hapakuwa na filamu ya kutia mfukoni. Mpiga picha alitayarisha karatasi au kioo kwa dawa yenye madini ya fedha, akabeba sanduku zito la mbao na miguu yake mitatu, kisha akangoja huku kitu anachokipiga kimetulia tuli. Joto na unyevu wa mtoni viliharibu dawa. Ndiyo maana wengi wa wakati ule walipiga majumba na miti, vitu ambavyo havitikisiki.

Novemba 1860, wakirudi kutoka maporomoko ya Victoria, walishuka kwa mitumbwi katika maji makali ya Kebrabasa, Msumbiji. Mahali hapo leo pamefunikwa na bwawa la Cahora Bassa. Mtumbwi wa Kirk ulisukumwa na mkondo mpaka kwenye mwamba, naye akaponea chupuchupu kwa kuung'ang'ania. Vyombo vyake vya kupimia, daftari zake za safari na michoro ya mimea ipatayo mia moja vilichukuliwa na maji. Hiyo ilikuwa kazi ya miezi mingi. Niliposoma hapo nilifunga kitabu kwanza, maana niliuona mtumbwi wangu mwenyewe. Lakini Kirk hakuapa kuacha. Alipata daftari nyingine, akaendelea kukusanya mimea na kuandika.

Sasa tufike kwetu. Livingstone alitafuta njia ya kufika Ziwa Nyasa bila kupita katika nchi iliyokuwa mikononi mwa Wareno. Alitumaini kwamba Ruvuma unatoka katika ziwa hilo. Mtoto yeyote wa Songea angemweleza kwamba mto huo unaanzia milima yetu ya Matogoro, unaelekea magharibi kwanza kana kwamba kweli unakwenda Nyasa, kisha unageuka kusini, halafu mashariki mpaka baharini. Septemba 1862 walipanda mto kwa mashua. Ilikuwa kiangazi na maji yalikuwa yamepungua, hata ikawabidi kuziburuta mashua juu ya mchanga. Njiani walishambuliwa kwa mishale na bunduki. Wao walijibu kwa risasi, na watu wawili wa kando ya mto wakauawa. Tusiwashangae waliowashambulia, kwa maana ni nchi iliyozoea kuona wageni wenye bunduki wakija kutafuta watumwa.

Kirk aliona safari ile haina maana. Aliandika katika shajara yake kwamba kiongozi wao amepotewa na akili, na kwamba anawatia wenzake hatarini bure. Hata hivyo alivuta kasia mpaka mwisho. Walipokwisha kwenda kiasi cha kilometa 250 kutoka pwani, miamba iliwazuia, wakarudi. Matogoro hakuiona kamwe.

Mwaka 1866 Kirk alikuja Unguja kuwa daktari wa ubalozi wa Uingereza, na baadaye akawa Balozi mwenyewe. Huko nako aliendelea na kamera yake, na picha za mji wa Unguja wa wakati ule alizopiga zimehifadhiwa hadi leo katika maktaba ya taifa ya Scotland. Kima punju wa Unguja anaitwa kwa jina lake katika vitabu vya wataalamu wa wanyama. Mwaka 1873 alimfikishia Sultani Barghash onyo la serikali yake kwamba manowari zingekifunga kisiwa, na tarehe 5 Juni Sultani akatia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa. Jambo hilo linatuhusu sana, kwa maana misafara ya watumwa kutoka Nyasa ilikatiza nchi hizi za kusini kwenda Kilwa, na kutoka Kilwa watu walisafirishwa kwa majahazi mpaka soko lile.

Lakini maisha yake yana upande wa pili, nami sitauficha. Barghash alimwamini Kirk kama rafiki. Mwaka 1885 Wajerumani walipodai bara na kuleta manowari mbele ya Unguja, London ilimwagiza Kirk amshauri Sultani akubali. Alimshauri hivyo, ingawa moyo wake haukupenda. Mwaka uliofuata aliondoka Unguja. Wajerumani wakafika mpaka Songea, na yaliyofuata yanajulikana: vita vya Maji Maji, na Nduna wetu kunyongwa mwaka 1906.

Kwa hiyo mara mbili Kirk alitii amri asiyoiamini. Alipotii mtoni, ni yeye na wenzake waliohatarishwa, na wawili wa kando ya mto wakafa. Alipotii Unguja, gharama ililipwa na watu wengi ambao hawakumjua. Mimi simhukumu, wala simwiti shujaa. Ninachoheshimu ni kwamba aliandika alichokiona, hata kile kisichompendeza mkubwa wake. Alifariki Uingereza Januari 1922. Shajara zake za Zambezi na Ruvuma zilichapwa mwaka 1965, na kwa sababu hiyo leo hatuna masimulizi ya Livingstone peke yake.

Nikirudi kwenye kamera ya mjomba, mwenyewe alinisamehe siku ile ile. Kinachonisumbua ni kingine. Yule mvuvi alinivuta kutoka majini, akanilaza kwake siku mbili, akanilisha samaki, akanionyesha mahali pa viboko na njia za kuvuka. Leo nimelisahau jina lake. Kalamu nilikuwa nayo, na karatasi za mazoezi nilikuwa nazo, lakini sikuandika.

Wadogo zangu, ninyi mmepata simu zinazopiga picha mia kwa siku moja. Milima ya Matogoro mnaiona kila asubuhi, na chemchemi ambazo Kirk hakuzifikia ziko humo msituni. Nendeni na mwalimu wenu, mpige picha, kisha mwandike tarehe, mahali, na majina ya watu mliokutana nao, hata kama simu haikuzama.

Wasalaam,
Mwanafunzi wenu wa zamani.