St. Barbe Baker, Mzungu aliyeanzisha 'Watu wa Miti' Muguga

MWEZI wa Julai 1922, vijana wa kivita wapatao 3,000 waliwasili Muguga, karibu na Kikuyu, wakiwa wamejipamba tayari kwa ngoma. Haikuwa ngoma ya mavuno wala ya tohara. Aliyewaalika alikuwa afisa wa misitu wa serikali ya kikoloni, Richard St. Barbe Baker, na ngoma yenyewe ilikuwa ya miti.

Mwaliko huo ulihitaji ujasiri. Miezi minne tu awali, Machi 1922, polisi walikuwa wamewapiga risasi na kuwaua waandamanaji mjini Nairobi waliotaka Harry Thuku aachiliwe huru. Ardhi nzuri ya nyanda za juu ilikuwa imetengewa walowezi, huku wenyeji wakibanwa katika maeneo finyu ambako msitu ulizidi kufyekwa ili kupata mahali pa kulima. Mzungu aliyekuja na habari za kupanda miti wakati kama huo angefukuzwa, hakuna ambaye angeshangaa.

Baker alizaliwa Oktoba 9, 1889, katika kijiji cha West End, kusini mwa Uingereza. Babake alikuwa na kitalu, hivyo mtoto akakulia miongoni mwa miche. Akiwa kijana alienda Canada, akasoma katika Chuo Kikuu cha Saskatchewan mjini Saskatoon na kufanya kazi ya kukata miti. Huko aliona jambo ambalo halikumtoka akilini: nyanda pana zilizoondolewa miti na kulimwa kwa plau, na upepo ukipeperusha udongo wenye rutuba. Alijeruhiwa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kisha akasomea taaluma ya misitu katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Mwaka wa 1920 alitumwa Kenya.

Alichokikuta huku kilifanana na alichokiona Canada. Msitu ulipoondoka, maji ya mvua yalibeba udongo na chemchemi zikapungua. Idara yake haikuwa na watu wala fedha za kutosha kurejesha kilichopotea, naye akatambua kwamba bila wenyeji kazi hiyo haingewezekana. Wazee aliowashauri walimweleza kuwa kupanda miti ni shughuli ya Mungu, kwani mbegu huanguka na kuota zenyewe. Hata hivyo, Baker alijua kwamba Wakikuyu walikuwa na ngoma za kupanda na za kuvuna. Kwa usaidizi wa Chifu Josiah Njonjo, babake Charles Njonjo aliyekuja kuwa Mkuu wa Sheria wa kwanza wa Kenya huru, wazo la ngoma ya miti likazaliwa.

Siku hiyo vijana 50 waliteuliwa kuwa wanachama wa kwanza wa chama kilichoitwa Watu wa Miti. Waliapa kulinda msitu wa kiasili, kupanda miti 10 kila mwaka na kutunza miti popote ilipo. Ajabu ni kwamba jina la Kiswahili lilimkumbatia kila mtu, ilhali walioteuliwa walikuwa wanaume pekee. Wanawake, waliotembea mwendo mrefu kutafuta kuni na maji, hawakuwamo. Pengo hilo lilizibwa miaka 55 baadaye, 1977, pale Wangari Maathai alipoanzisha Vuguvugu la Ukanda wa Kijani na kuwakabidhi akina mama miche.

Baker mwenyewe hakudumu Kenya. Afisa mmoja wa ngazi ya juu alipoinua mkono kumpiga mfanyakazi Mwafrika, Baker alijitosa kati na pigo likampata yeye. Kisa hicho kilimharibia kazi, na baadaye akapelekwa Nigeria. Hapo awali, mwaka wa 1924, alikuwa amekipeleka chama chake Uingereza, na kutoka huko kikaenea katika nchi nyingine. Alifika Palestina, kisha Marekani, ambako alipigania miti mirefu ya pwani ya California isikatwe.

Kazi iliyomtawala uzeeni ilikuwa Sahara. Kati ya 1952 na 1953 aliongoza msafara wa maili 9,000 kulivuka jangwa hilo, akarejea na pendekezo la kupanda ukuta wa miti kulizuia lisisonge mbele. Yamkini alipiga chuku aliposisitiza kwamba jangwa hilo ni matokeo ya shoka la binadamu. Wanasayansi wa leo wanaonyesha kwamba mabadiliko ya mvua za kale ndiyo yaliyolikausha zaidi. Lakini kuhusu kingo zake, ambako watu hulima na kuchunga, hakukosea sana. Umoja wa Afrika ulianzisha mradi wa Ukuta Mkubwa wa Kijani mwaka wa 2007, kutoka Senegal hadi Djibouti. Miche mingi iliyopandwa katika ukanda huo ilikauka. Nchini Niger wakulima walifaulu kwa njia rahisi zaidi: waliacha visiki vya miti ya kiasili vichipuke tena ndani ya mashamba yao, wakavitunza.

Baker alizungumza zaidi kuhusu maji na udongo kuliko hewa ya kaboni. Sasa inajulikana kwamba misitu na mimea mingine ya nchi kavu hufyonza takriban asilimia 30 ya gesi ya kaboni inayotokana na shughuli za binadamu. Desemba 2022, serikali ya Kenya ilizindua mpango wa kupanda miti bilioni 15 kufikia 2032. Muguga, palipochezwa ngoma ile, ndipo yalipo makao makuu ya Taasisi ya Utafiti wa Misitu nchini. Kiapo cha vijana wale 50 kilitanguliza kulinda msitu uliopo, kisha kupanda, na mpangilio huo ungali mgumu kutekelezwa.

Juni 5, 1982, Siku ya Mazingira Duniani, Baker alipanda mti wake wa mwisho huko Saskatoon. Alifariki siku nne baadaye akiwa na umri wa miaka 92, akazikwa mjini humo, kwenye nyanda zilezile alikoona udongo ukipeperushwa akiwa kijana.