Jack Kilby, mhandisi aliyekosa likizo akabuni chipu

Mhandisi Mmarekani Jack Kilby aliajiriwa na kampuni ya Texas Instruments, mjini Dallas, mwaka 1958. Julai ilipofika, wenzake wengi walikwenda likizo. Yeye, mgeni asiyestahili bado mapumziko, alibaki maabara karibu peke yake.

Enzi hizo transista na sehemu nyingine za saketi ziliunganishwa moja moja kwa mkono. Kiungo kimoja kikilegea, mtambo mzima ulikwama. Kilby aliwaza kuziunda zote katika kipande kimoja. Tarehe 12 Septemba aliwaonyesha wakuu wake kipande cha gerimani kikifanya kazi.

Alitunukiwa Nobel ya Fizikia mwaka 2000. Robert Noyce, aliyebuni chipu ya silikoni, alifariki mwaka 1990, na tuzo hiyo hawapewi marehemu. Kilby alifariki mwaka 2005.