1871: Namba Tasa ya Ujiji

Mtoto wa Kigoma anaujua mwaka 1871 kabla hajajua kugawa vizuri. Ndio mwaka Henry Stanley alipomkuta David Livingstone pale Ujiji. Ila kama namba, wachache wameiangalia.

Hebu igawe. Kwa kuwa 43 mara 43 ni 1849, na 47 mara 47 inapita, unatosha kujaribu namba tasa 14 tu, kuanzia 2 hadi 43. Zote zinabakiza, kwa hiyo 1871 ni tasa. Tena 1873, 1877 na 1879 nazo ni tasa. Muongo mmoja hauwezi kubeba zaidi ya nne, maana shufwa na zinazoishia na 5 zinagawanyika. Mara ya mwisho kabla ya hapo ilikuwa miaka ya 1480; itakayofuata ni miaka ya 2080.

Sasa muweke Livingstone humo. Alizaliwa Blantyre, Uskoti, akaanza kazi kiwanda cha pamba akiwa na miaka 10, akasomea udaktari na kuja Afrika kama mmisionari. Uzeeni alitafuta kitu kimoja: chanzo cha mto Nile. Aliamini kwamba mto Lualaba, ng'ambo ya ziwa, ndio Nile yenyewe. Lakini hakupata mitumbwi ya kuushuka. Julai 1871 alishuhudia mauaji kwenye soko la Nyangwe, akarudi Ujiji mgonjwa, akakuta bidhaa zake zimeshauzwa. Hata hesabu ya siku ilikuwa imempotea, ndiyo maana tarehe ya kukutana na Stanley inabishaniwa mpaka leo: Oktoba au Novemba. Mwaka wenyewe haubishaniwi.

Wawili hao walipanda mtumbwi kwenda kaskazini, wakifuata ufuko huuhuu ambao boti za Kibirizi zinaufuata leo kwenda Gombe. Walitaka kujua kama mto Ruzizi unatoka ziwani. Walipofika wakakuta unaingia. Swali la Ruzizi likafungwa hapohapo.

La Lualaba likabaki. Livingstone alikataa kurudi kwao na Stanley, akaendelea kutafuta, akafa mwaka 1873 kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo. Chuma, Susi na wenzao waliubeba mwili wake hadi Bagamoyo. Mwaka 1877 Stanley aliushuka Lualaba hadi Atlantiki: ulikuwa Kongo, si Nile. Mwaka 1879 alirudi Kongo kumtumikia Mfalme Leopold, na tunajua watu wa kule walilipa nini.

Kukutana, kifo, jibu, uporaji: miaka minne, yote tasa. Inashawishi kudhani namba zilipanga. Lakini 1813, mwaka aliozaliwa, ni 7 mara 7 mara 37. Na 1869, mwaka alioingia Ujiji mara ya kwanza, ni 3 mara 7 mara 89. Mpangilio wa namba tasa ni wa kweli, unathibitika kwa kugawa. Huu wa maisha yake tumeuchagua sisi, kwa kuokota miaka inayotufaa.

Lualaba nao ulimshawishi hivyohivyo, kwa sababu unaelekea kaskazini kama alivyotamani. Mwaka wa mwisho, tukikaa na data za tafiti zetu, tutakutana na Lualaba zetu. Tuzifanye kama Ruzizi: twende tukaangalie maji yanaelekea wapi.