Denis Burkitt

Denis Parsons Burkitt (Enniskillen, Ireland, 28 Februari 1911 – Uingereza, 23 Machi 1993) alikuwa daktari mpasuaji aliyefanya kazi nchini Uganda kwa miaka 20. Anajulikana hasa kwa kueleza aina ya saratani inayovimbisha mataya ya watoto, ambayo leo inaitwa limfoma ya Burkitt.

Maisha

Alipokuwa na umri wa miaka 11 alipigwa jiwe usoni, miwani ikavunjika na jicho moja likapotea. Alianza masomo ya uhandisi huko Dublin, kisha akahamia udaktari. Alipoomba kazi katika makoloni ya Uingereza Afrika Magharibi alikataliwa kwa sababu ya chongo. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ndiyo iliyomleta Afrika Mashariki kama daktari wa jeshi, na mwaka 1946 alirudi Uganda kama mpasuaji wa serikali. Kituo chake cha kwanza kilikuwa Lira, ambako aligundua kwamba mabusha yalikuwa mengi upande wa mashariki wa Lango na machache upande wa magharibi. Tabia ya kuuliza ugonjwa unapatikana wapi ilianzia hapo. Mwaka 1948 alihamia Kampala, hospitali ya Mulago.

Uvimbe wa mataya

Mwaka 1957 daktari mwenzake Hugh Trowell alimwita amwangalie mtoto wa kiume aliyevimba mataya yote, juu na chini, pande zote mbili. Muda mfupi baadaye, akiwa Jinja, aliona mtoto wa kike mwenye uvimbe wa namna ileile, naye alikuwa na uvimbe tumboni pia. Uvimbe huo hukua upesi mno: meno hulegea, jicho husukumwa nje, kinywa hujaa hata kula kukawa shida. Kisu hakikusaidia, kwa kuwa uvimbe ulirudi au ulikuwa tayari umefika mahali pengine mwilini, na Uganda haikuwa na mashine za tiba ya mionzi. Watoto wengi walikufa katika miezi michache.

Burkitt alituma karatasi zenye picha kwa hospitali za serikali na za misheni barani Afrika, akiuliza kama uvimbe huo umeonekana huko. Halafu, Oktoba 1961, alifunga safari kwa gari kuukuu pamoja na madaktari wa misheni Ted Williams na Cliff Nelson. Kwa wiki 10 walipita Kenya, Tanganyika (iliyokuwa ikijiandaa kwa uhuru wa Desemba), Nyasaland na Msumbiji hadi Afrika Kusini, takriban kilomita 16,000, wakisimama katika hospitali zaidi ya 50. Ramani waliyopata ilionyesha kwamba ugonjwa hupatikana penye joto na mvua, nao hutoweka kwenye nyanda za juu zenye baridi. Ilifanana na ramani ya malaria.

Mwaka huohuo wa 1961, katika mhadhara wake London, alikuwepo mtafiti Anthony Epstein. Vipande vya uvimbe vilianza kupelekwa kwa ndege kutoka Kampala, na mwaka 1964 Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong walitangaza kuona ndani ya seli zake virusi vinavyoitwa sasa Epstein-Barr. Virusi hivyo viko karibu kila mahali duniani. Malaria ya mara kwa mara ndiyo inayodhaniwa kudhoofisha kinga ya mtoto mpaka saratani ipate nafasi.

Kwa wagonjwa wenyewe, dawa ilikuwa na maana kubwa kuliko ramani. Burkitt alijaribu methotreksati, siklofosfamidi na vinkristini, mara nyingi kwa dozi chache tu, na uvimbe uliyeyuka kwa siku kadhaa. Baadhi ya watoto walipona kabisa. Wakati huo madaktari wachache waliamini kwamba saratani inaweza kuponywa kwa dawa peke yake.

Miaka ya mwisho

Alirudi Uingereza mwaka 1966. Huko alijulikana zaidi kwa kuhimiza vyakula vyenye nyuzinyuzi, akilinganisha maradhi ya utumbo ya Wazungu na afya ya wanavijiji aliowahudumia Uganda. Sehemu ya madai yake bado inabishaniwa. Mwaka 1972 alipata Tuzo ya Lasker pamoja na wengine. Aliacha mjane, Olive, na mabinti watatu.